Mchungaji Aende, Sauti Ibaki

Barua ya daktari ilisomwa Jumanne asubuhi katika ofisi ya kanisa, baada ya ajenda ya mapazia mapya. Ilisema kwamba mchungaji amechoka mwili na akili, kwamba halali, kwamba akibaki peke yake hulia bila kujua anacholilia, na kwamba anatakiwa apumzike miezi mitatu bila kazi ya aina yoyote. Wazee wa kanisa wanane walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Mwenyekiti wao, mkaguzi wa shule mstaafu, aliikunja ile barua mara mbili.

"Miezi mitatu," alisema. "Mchungaji, hata Mungu alipumzika siku moja tu."

Mchungaji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amezika, amefungisha ndoa, amepatanisha ndugu wasiosalimiana na kukesha hospitalini na wagonjwa wasio na mtu. Jumapili iliyotangulia alisimama madhabahuni akaisahau Baba Yetu katikati. Waumini waliimalizia wenyewe, kisha wakalalamika nje kwamba siku hizi hajiandai.

"Sikuja kuomba ruhusa," alijibu. "Nimewaletea taarifa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Alipofungua mlango na kutoka, sauti yake haikutoka naye. Ilibaki kwenye kiti chake, ikamuuliza katibu, "Haya, wa kwanza nani?" Nje kwenye benchi kulikuwa na watu sita. Katibu alifungua daftari la miadi, akaita wa kwanza.

Nyumbani, mchungaji alifungua kinywa amwambie mumewe abandike chai, kikatoa pumzi tu. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha: *Imebaki kazini.*

Mume, ambaye alikuwa fundi umeme, aliisoma bahasha akaitia mfukoni. "Si ajabu," alisema. "Hata ukiwa mezani hapa, muda wote ilikuwa huko." Akaenda dukani kumnunulia daftari.

Wiki mbili za kwanza mchungaji alilala. Aliamka kula, akalala tena. Wiki ya tatu alianza kusikia ladha ya chumvi. Wiki ya nne alimwona mumewe amevaa suruali nje ndani anaelekea kazini, akacheka mpaka akashika mbavu, kimya kimya, na mume akasimama mlangoni akimtazama kama mtu aliyerudi kutoka safari. Kuomba alikuwa hajaomba. Kisha asubuhi moja, aking'oa magugu nyuma ya nyumba, aligundua kwamba anaomba tangu alipoinama, bila neno hata moja, na hakuna aliyekuwa akisubiri amina.

Huko kanisani sauti ilikuwa inafanya kazi. Ilihubiri Jumapili ibada zote mbili. Ilizika watu wanne, na kwenye mazishi katibu aliibeba kwa kubeba kiti. Watu waliozoea kumwona mchungaji akifumba macho kwa uchovu walisema afadhali sasa.

Mume alikwenda kuifuata na mkoba wake wa vifaa. Alifungua vipaza sauti kimoja baada ya kingine, kisha akazima umeme wa jengo zima. Sauti iliendelea kusoma zaburi.

"Fundi, unatafuta nini?" mwenyekiti aliuliza kutoka mlangoni.

"Sauti ya mke wangu."

"Iko kazini."

"Mwenyewe yuko likizo, mzee."

"Na tunamwombea apone. Lakini hii inamsumbua nani? Haili, haiugui, haiombi likizo. Tangu ianze, hakuna muumini aliyekosa miadi."

"Ni ya kwake."

"Ni ya Mungu, fundi. Sisi tunaitunza tu. Tafadhali turudishie umeme."

Siku hiyo mume alirudi nyumbani akautupa mkoba sakafuni mpaka bisibisi zikatawanyika.

Wiki ya saba mchungaji alikwenda mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la ofisi, akasikiliza. Ndani alikuwamo mpishi wa shule ya jirani, mwanamke mpole ambaye mchungaji mwenyewe ndiye aliyembatiza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji, na alikuwa anaeleza, bila kulia, ni nani aliyeuvunja na kwa kitu gani.

"Vumilia, dada," sauti ilisema. "Mwombee. Rudi nyumbani, mpikie vizuri, unyamaze. Mungu anaona."

Mchungaji aliyafahamu maneno hayo. Yalikuwa yake. Hakuyasema alipoanza kazi. Aliyaanza miaka miwili iliyopita, siku ambazo kwenye benchi kulikuwa na watu tisa na kichwa kinamgonga. Aliyasema kwa sababu yalikuwa mafupi. Alijaribu kukumbuka ni wanawake wangapi aliwaambia hivyo, na akashindwa.

Akasukuma mlango. Mpishi aligeuka, akamtazama, kisha akakitazama kiti.

"Mchungaji," aliuliza, "nimfuate yupi?"

Mchungaji alimshika mkono ule mzima akamtoa nje, wakapita mbele ya benchi, sauti nyuma yao ikiita, "Anayefuata!" Walikwenda polisi. Maelezo aliyaandika mchungaji kwa mkono wake, kurasa nne, na mpishi akatia sahihi. Jioni mume aliwapokea, akasogeza cherehani kwenye chumba cha wageni ili kitanda kipate nafasi.

Baraza la wazee lilimwita kabla wiki haijaisha. Mume wa mpishi, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, alikuwa ameleta malalamiko kwamba mchungaji amemvunjia nyumba.

Mchungaji aliweka daftari mezani. Mwenyekiti alilisoma kwa sauti: "Nimepona. Naitaka sauti yangu. Nitarudi kazini, watu watatu kwa siku, Jumatatu sifanyi kazi. Yule dada nilimdanganya, na wengine kabla yake. Nataka niwaite mmoja mmoja niwaambie."

Wazee walitazamana. Mwenyekiti alikigeukia kiti. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni kama baraza litakavyoamua," sauti ilisema.

Walipiga kura. Mikono minane ilinyooka. Azimio likasema mchungaji aende, sauti ibaki. Walimpongeza kwa utumishi wake, na sauti ikatoa sala ya kumuaga, sala nzuri kweli, mpaka mzee mmoja akatoa leso.

Mchungaji aliipiga meza kwa kiganja, glasi za maji zikaanguka. Aliipiga tena. Kinywa chake kilikuwa wazi, mishipa ya shingo imesimama. Katibu alihamisha karatasi zisilowe, kisha akaandika kwenye kumbukumbu za kikao: *Mchungaji alikubali kwa kimya.*

Sasa ni mwaka umepita. Kesi ya mpishi inaahirishwa, na mumewe bado anaimba besi. Mpishi anaishi kwa mchungaji, na wanawake wengine wawili wamepitia kile chumba. Mchungaji huwaandikia maelezo yao. Sauti imeongezewa Jumatatu.

Wiki iliyopita alikuja mgeni, mchungaji kijana wa kanisa la mtaa wa pili, macho yameingia ndani. Hakugusa chai. Aliongea kwa kunong'ona, koo limemkauka.

"Samahani, mama. Baraza langu limenituma nikuulize. Ilichukua muda gani mpaka sauti ikaweza kubaki yenyewe?"

Mchungaji alichukua kalamu. Aliandika neno moja, herufi kubwa, akibonyeza mpaka karatasi ikatoboka, akauchana ukurasa akampa. Neno lilikuwa *KIMBIA*.

Kijana alilisoma. Aliikunja karatasi vizuri, akaiweka ndani ya Biblia yake, akatazama saa. Saa nne alikuwa na mazishi.