Kijiji Kilichokaribishwa Hässelby

Siku ile mjinga alikuwa Humphrey, na mwenyewe hakatai. Alikuwa likizoni na mkewe Paskalia huko Uskoti, kaunti ya Sutherland, katika bonde lenye kijiji kisicho na watu: kuta za mawe zisizo na paa, na kondoo wakichungulia madirishani. Humphrey anapenda sana historia za vijiji vya wenzake. Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba moja, akafungua hotipoti ya chapati na maharage, na kabla ya tonge la kwanza akasema kwa sauti, kama alivyolelewa:

"Karibuni."

"Unamkaribisha nani, Baba Vumilia? Kondoo?" Paskalia aliuliza.

Kosa lilikuwa hapo. Ukimkaribisha mtu chakula naye akasema asante, nimeshiba, mambo yameisha. Bondeni hakuna aliyejibu, kwa hiyo mwaliko ukabaki wazi.

Jumapili iliyofuata watu wa bonde lile waliteremka Hässelby, mtaa wa ughaibuni anakoishi Humphrey, kituo cha mwisho cha treni ya njia ya kijani, kijiji kizima, wananuka moshi, kila mwanamume na boriti ya paa begani, na ng'ombe mmoja aliyepita getini bila tiketi. Mbele alikuwa Mzee James. Humphrey alimpa shikamoo, maana mtu wa miaka mia mbili na ushee huwezi kumsalimia "mambo". Mzee alisema Kigaeli, Humphrey Kiswahili, wakaelewana kuliko Humphrey na binti yake Vumilia, ambaye humjibu kwa Kiswidi.

"Tumechelewa," alisema Mzee James. "Maharage yamebaki?"

Paskalia akabandika mengine. Fleti ya vyumba viwili iliwatosha wote. Ng'ombe alipewa roshani, akala mchicha wa Paskalia. Majirani hawakusema kitu, mpaka vijana wa kijiji walipofua mablanketi kwa miguu katika chumba cha kufulia cha jengo, tena saa ya watu wengine. Ndipo ikabandikwa karatasi mlangoni, yenye adabu sana, kuwakumbusha wakazi wote kwamba zamu ni zamu.

Jioni Mzee James alisimulia. Mwenye ardhi aliona kondoo wanalipa kuliko watu. Akatuma mtu, mtu akaja na moto, na wao wakasukumwa hadi pwani kwenye miamba. Boriti hizi ndizo walizowahi kuziokoa.

"Watu wa zamani walikuwa wakatili jamani," alisema Humphrey, akitikisa kichwa kwa raha ya mtu anayesoma historia akiwa ameshiba.

Alhamisi mlango uligongwa. Alikuwa kijana wa kampuni yenye jengo. Alivua viatu, akampisha ng'ombe aliyekuwa anaelekea jikoni, akaeleza kwa upole kwamba jengo litafanywa upya, mabomba na majiko, na kodi itapanda kwa nusu. Asiyeweza atasaidiwa kutafuta pengine, mbali kidogo. Kutakuwa na mkutano, wenye kahawa na mikate ya mdalasini.

"Jiko langu lina ubaya gani?" aliuliza Paskalia, ambaye alimlea Vumilia humo tangu akiwa mchanga.

"Halina ubaya," kijana alikiri. "Ni la zamani tu."

Paskalia anahudumia wazee, Humphrey anabadilisha vichujio vya hewa katika ofisi za mtaa wa Kista. Unganisha mishahara yao, bado haifikii kodi hiyo mpya. Wote waliokuwa sebuleni walilijua hilo, isipokuwa ng'ombe.

Kijana alipoondoka, Mzee James aliinuka, akachagua boriti mbili zilizonyooka, akaziweka miguuni pa Humphrey.

"Hizi zenu, mwanangu. Mtazihitaji."

"Mzee wangu, usilinganishe," alisema Humphrey, akicheka kidogo. "Kwenu walikuja na moto. Hawa wanakuja na kahawa!"

Paskalia alikuwa ameshapiga magoti, anazifunga boriti kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Na kahawa ikiisha, Baba Vumilia, tutalala kwenye vikombe?"