Sevisi Kamili ya Ta Lwakatare

Mtu wa kwetu Maruku ukimuuliza mbele za watu kama anataka kidogo au kamili, umekwisha kumfunga kamba. Hawezi kusema kidogo. Ndivyo alivyonaswa shemeji yangu Lwakatare, Ta Lwakatare kwa wanaomheshimu, mume wa dada yangu Vestina, katika duka moja la baiskeli mjini Bukoba. Alikwenda kununua mipira ya breki. Fundi wa dukani, aliyevaa ovaroli safi kuliko shati langu la Jumapili, akamuuliza kwa adabu, "Mzee, tukufanyie sevisi ndogo au sevisi kamili?" Palikuwa na watu wamesimama pale, na mmoja wao ni mwenzake wa parokiani. Lwakatare akakohoa, akasema, "Kamili, bila shaka."

Aliporudi nyumbani kwa miguu nilimuuliza hiyo kamili maana yake nini.

"Kamili ni kamili, Kahigi. Ulitaka niwaulize kama mtu asiyejua?"

Mimi ningeuliza. Mtu anayelipia sevisi kamili bila kusema baiskeli yake inaumwa wapi ni sawa na muumini anayepiga magoti na kumwambia padri, "Baba, nimetenda zote, nifutie." Padri mwenye akili atamrudisha akafikiri kwanza. Fundi hana wajibu huo.

Na baiskeli hiyo haikuwa jambo la mchezo wakati ule. Mwanangu Avit alikuwa amempata binti wa Kamachumu, mwalimu, jina lake Kokwijuka, na mwenye neno la mwisho juu yake alikuwa babu yake, Mzee Rweyemamu. Mzee huyo alituletea sharti: rubisi, pombe yetu ya ndizi, ifike kwake kwa baiskeli, kama alivyoipeleka yeye alipokwenda kuoa. Gari hataki. Waliokuja kwa gari kumposa mjukuu wake mkubwa, alisema, walikunywa huku injini inaunguruma, na ndoa yenyewe nayo ikaondoka mapema. Tena, atakayeileta pombe ndiye atakayesimama kusema maneno ya posa. Ikiletwa kwa njia nyingine, turudi nayo nyumbani tungoje msimu mwingine wa kahawa.

Avit si kijana wa kungoja misimu. Nywele za mbele zimeanza kumuaga. Mama yake alikuwa hapati usingizi.

Kwetu baba wa mwoaji hajisemei, lazima awe na msemaji, na Lwakatare aliutamani usemaji huo tangu Avit akiwa shule ya msingi. Hotuba alikuwa nayo kabla mchumba hajapatikana. Ilianza na Adamu, na mara ya mwisho niliposikia ilikuwa bado haijatoka bustanini. Zaidi ya hotuba, alikuwa na baiskeli. Siku hizi kijijini mikungu ya ndizi inasafiri kwa pikipiki, lakini baiskeli ya Lwakatare ilikuwa ingali kazini. Karia yake ilichomelewa nondo za dirisha, na juu ya nondo ubao wa mvule. Kwenye usukani ulifungwa mti wa kushikia wakati wa kuisukuma mlimani, kwa maana baiskeli yenye mikungu haipandwi, inasukumwa. Spoku za nyuma zilikuwa nene, za pikipiki. Breki ya mbele ilikuwa kipande cha tairi la gari, unakikanyaga kwa kiatu. Ilipiga kelele kama bata mzinga, lakini ilipanda vilima na mikungu mitatu bila kuyumba.

Siku alipoichukua dukani aliiendesha polepole kupita nyumba zote, hata zile ambazo haziko njiani.

Sitawasingizia wenye duka. Kazi ilifanyika. Magurudumu yalizunguka bila kucheza, gololi zilikuwa mpya ndani ya grisi mpya, mnyororo haukusikika, na rangi nyeusi iling'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Lakini walikuwa wameirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Nondo hakuna. Ubao hakuna. Mti wa kusukumia hakuna. Spoku za nyuma nyembamba kama sindano. Karia ilikuwa mpya, nyeupe, ya kubebea kitabu cha nyimbo na miwani.

Vestina aliizunguka mara moja, mikono kiunoni.

"Nondo ziko wapi?"

"Nondo zipi, Mama Judica?"

"Zinazonilisha."

"Wamesema ule ni uchafu. Unaharibu umbo."

"Umbo! Ulipeleka baiskeli au bibi harusi?"

Lwakatare akanigeukia mimi. "Shemeji, mweleze dada yako. Mtaalamu hawezi kufanya kazi na vyuma vya dirisha."

"Huyo mtaalamu alikuuliza unabeba nini?" nikasema.

"Aliniuliza."

"Ukamjibu?"

Akatazama migomba kana kwamba jibu limo mle. "Nilimwambia naiendea mikutano."

Vestina alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilimsamehe fundi wa ovaroli papo hapo. Aliambiwa huyu ni mzee wa mikutano, akamtengenezea baiskeli ya mikutano. Kama unaniuliza iwapo inafaa kulipia sevisi kamili, jibu langu ni kwamba inamfaa mtu anayeweza kusema bila aibu kwamba anabeba ndizi.

Nilimshauri aende kwa mchomeleaji wetu wa hapa kijijini arudishiwe angalau karia ya nondo kabla ya siku ya safari.

"Achomelee moto juu ya rangi hii? Una wazimu, Kahigi?"

"Na rubisi utaiweka wapi?"

"Juu ya karia. Mbona karia ipo?"

Siku ya posa tulikodi gari, Noah, baiskeli tukaifunga juu ya paa ndani ya blanketi la Vestina. Mzee Rweyemamu alisema pombe ifike kwake kwa baiskeli, hakusema itoke Maruku kwa baiskeli, na katika tafsiri hiyo hata mimi nilikubali. Tulikuwa watatu: Lwakatare msemaji, mimi baba wa mwoaji, na Vestina, kwa kuwa shangazi wa kijana, ishenkazi, hawezi kukosekana. Tulimwambia dereva atushushe chini ya kilima cha mwisho kabla ya Kamachumu, mahali ambapo macho ya mzee hayafiki.

Kibuyu kilikuwa kikubwa, kimejaa, shingo imezibwa kwa majani ya mgomba. Tulikipandisha juu ya karia, mimi na Lwakatare, tukakifunga kwa mpira. Karia ikalia, ikainama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea.

"Twende," akasema Lwakatare. Alikuwa amevaa suti.

Tukaanza kupanda. Uzito wote ulikuwa nyuma, na kila tulipofika penye jiwe gurudumu la mbele liliinuka kama mbuzi anayetaka majani ya juu. Lwakatare aling'ang'ania usukani huku tai yake inaingia kwenye kengele.

"Shika nyuma, shemeji!"

"Nimeshika. Wewe shika mbele."

"Mbele hakuna pa kushika!"

"Palikuwepo."

"Usinisimange mlimani, Kahigi!"

Kisha spoku ikakatika, kwa sauti ndogo, safi. Ikafuata nyingine. Gurudumu la nyuma likaanza kucheza, kibuyu nacho kikacheza, na rubisi ikapenya kwenye majani ikatiririka juu ya rangi mpya. Lwakatare akachuchumaa. Nilidhani anakiwahi kibuyu. Alikuwa anatafuta spoku kwenye vumbi.

"Mpya kabisa," akasema. "Mpya kabisa hii."

"Pombe ya watu inamwagika, wewe unalilia waya!" Vestina akavua kitenge cha begani, akakisokota ngata, akaiweka kichwani. "Nitwikeni."

"Mama Judica, usithubutu! Mzee amesema baiskeli."

"Mzee ni mtu mzima. Mkimpelekea kibuyu kikavu juu ya baiskeli nzuri, atawashukuru? Nitwikeni, nimesema."

Tukamtwika. Hatukuwa na lingine. Lwakatare akapata mpango wa haraka: tukikaribia lango tutakirudisha kibuyu juu ya karia, tuingie nacho uani kwa heshima, hakuna atakayejua. Basi tukaendelea, dada yangu mbele na kibuyu kichwani, sisi wanaume wawili nyuma yake tunasukuma baiskeli tupu, na hata tupu ilikuwa inatushinda, maana gurudumu lilikuwa linagusa madigadi.

Kwenye kona ya juu, Mzee Rweyemamu alikuwa amesimama barabarani. Hakungoja uani. Alikuwa ametoka kutupokea, yeye na mkewe Ma Kokubanza, mzee ndani ya kanzu na koti, mikono miwili juu ya fimbo. Walikuwa wametuona kitambo.

Tukasalimiana. Akaitazama baiskeli kuanzia kengele mpaka taa ya nyuma.

"Naona baiskeli," akasema.

"Ndiyo, waitu!" Lwakatare akajibu kwa neno letu la heshima, akajinyoosha. "Imetoka kwenye sevisi kamili."

"Inaonekana. Na pombe?"

Vestina alikuwa pale pale, shingo imekaza, rubisi inamchuruzika sikioni. Mimi nilikuwa nimekwisha kuuona msimu mwingine wa kahawa, na uso wa mama Avit ndani yake.

"Nilisema iletwe kwa baiskeli," mzee akaendelea pole pole, "kwa sababu nilitaka kuona mtu anayetokwa jasho kwa ajili ya binti yetu. Nyinyi mmetokwa jasho kwa ajili ya chuma."

"Waitu, naomba nieleze," Lwakatare akaanza, akashika kola. "Hapo mwanzo..."

"Mume wangu," Ma Kokubanza akamkata, "ulitaka jasho. Jasho hilo hapo, linamwingia mwenzangu machoni. Mtamsimamisha hapa mpaka lini?"

Rweyemamu akamgeukia Vestina. "Wewe ni nani wa kijana?"

"Ishenkazi, waitu."

"Basi sharti la baiskeli nimelifuta. La pili linabaki. Aliyeileta ndiye atakayesema."

"Mwanamke?" Lwakatare akauliza. Lilimtoka tu.

"Kwani baiskeli ingesema?"

Tukaingia. Nyumba ilijaa wazee, na nilimwona Lwakatare mara tatu akifungua mdomo na mara tatu akiufunga, kila mara Rweyemamu alipoinua kidole. Vestina akasimama katikati, akajifuta uso.

"Waitu, mna binti, sisi tuna kijana. Ana kazi, ana kibanja chake cha migomba, hanywi asubuhi. Kichwa kinataka kuwa upara, mtakiona wenyewe, siwafichi. Akimtendea vibaya binti yenu nitakuja kumleta kijana mwenyewe kwenu kwa miguu yangu, na kilima mmeona nakiweza. Tunamwomba."

Basi. Akaketi. Kila mtu aliendelea kungoja Adamu, kisha wazee wakaanza kucheka na kugonga fimbo sakafuni, na Ma Kokubanza akapiga kigelegele bila kumngoja mumewe. Kokwijuka akaitwa, akaulizwa, akakubali. Rubisi iliyobaki ilitosha, ingawa kwa shida.

Tuliagwa jua likiwa bado liko juu. Vestina alitangulia, begani amebeba paja la mbuzi, fungu analopewa msemaji na wenye binti. Lwakatare alikuja nyuma akiishika baiskeli isimkimbie mteremkoni, na baada ya muda akaita kwa sauti laini ambayo sijamsikia nayo tangu wafunge ndoa.

"Mama Judica, hilo paja liweke hapa kwenye karia. Utachoka."

"Litachafua rangi," akasema Vestina, na hakugeuka.