Mhogo Uliojionja

Blandina alikuwa akimenya mhogo barazani aliposikia shamba likitafuna. Akainua macho. Mihogo ilikuwa imeinama, kila mmoja ukionja majani yake wenyewe na kutema mate meupe. Akaendelea kumenya.

Si kwamba maji hayakuwepo. Ndiva, bwawa la kijiji huko juu mlimani, lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Lakini pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ilipolia, watu wakaenda kuzoa tope la ndiva, Blandina hakwenda. Alikuwa ndani akimlilia mumewe. Eliezeri, kaka wa marehemu, ndiye aliyemwambia mjane hashiki jembe kabla ya kuanua matanga. Na Eliezeri huyo huyo, mwenyekiti wa ndiva, akamnyima zamu ya maji kwa kutofika.

"Sheria ni msumeno, shemeji."

Msumeno gani huo, jamani, unaokata upande mmoja tu! Mahindi ya Eliezeri mwenyewe yalikuwa yamenawiri.

Bwana shamba Anderson alikuja na pikipiki, akachuma jani, akalinusa.

"Mama, mhogo ukikosa maji huongeza sumu. Huu umeionja sumu yake, ukadhani adui ameshaingia, chembe zake za urithi zikaamka kutengeneza nyingine. Hata ukipanda vipande vyake, vitaota vikiwa vimeshajua."

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Omba maji."

Binti yake, Irine, alikuwa mjamzito, na chakula kilikuwa hicho hicho. Waliloweka, wakaanika, wakatwanga, wakala. Kabla ya mavuno, machozi ya Blandina yalikuwa yakitoka meupe na mazito kama utomvu, na nzi akitua juu yake, anaanguka. Alikwenda kwenye kikao cha ndiva kuomba zamu kwa ajili ya mjukuu. Wazee wakatazama mbu wakidondoka mezani. Eliezeri akafikiri kidogo, akasema ghala lake lina dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi.

Basi Blandina akawa anashinda ghalani kwa shemeji yake, juu ya magunia ya mahindi yaliyokunywa maji yake. Dumuzi wakafa wote.

"Una baraka wewe," Eliezeri alimwambia.

"Na zamu yangu?"

"Njoo msaragambo ujao."

Pembe ilipolia, Blandina alitangulia watu wote, jembe begani. Eliezeri akamzuia kwa upole.

"Hapana, shemeji. Utatutilia sumu kwenye maji."

Na asiyezoa tope hana zamu. Iliuma, Mungu anajua ilivyouma, lakini alirudi nyumbani.

Irine alijifungua mtoto wa kike. Mtoto akalia, machozi yakatoka meupe. Nzi akatua shavuni mwake, akaangukia kwenye kanga.

"Ameshajua," alisema Blandina, akampangusa.

Jioni Eliezeri alikuja kutoa hongera. Alimchungulia mtoto kwa muda, akaridhika. Kisha akauliza mtoto ataanza lini kukaa mwenyewe, maana alikuwa anajenga ghala la pili.