Kanyere Akigeuka

...na akigeuka, akigeuka hata mara moja tu kumtafuta mama yake, basi mama huyo, Kavira, atamshika mkono na kumrudisha Beni kwa gari lile lile walilokuja nalo, ndivyo alivyokata shauri hapa langoni mwa shule ya Butembo, mwavuli kwapani, godoro la mtoto bado limefungwa kamba miguuni pake, lakini Kanyere hageuki, yuko katikati ya uwanja, watoto sita au saba wamemzunguka, mikono yao inakwenda mbio kama ya wanawake wanaochambua maharagwe, sauti hakuna, ila vicheko, vicheko vya watu wasiosikia sauti zao wenyewe, vinapanda na kukatika popote tu, na nyuma kule Zorobabel dereva anabonyeza honi, «Mama Kanyere, tuende! Ile barrière ya njiani banafunga mapema, ao unataka tulale na basoda na bunduki zabo?», ngoja kidogo, anajibu bila kumtazama, ngoja tu kidogo, na wifi yake Godelive, aliye kando yake na ambaye miaka miwili mizima amekuwa akiisifia shule hii, anamgusa bega, «Mais unangoja nini, mama? Mutoto ameisha kuingia», ameingia, ndiyo, kuingia ni rahisi, Kavira anawaza, hata Beni aliingia, aliingia darasa la kwanza pamoja na watoto wote wa mtaa, sare ya bluu na nyeupe, kwa sababu mama yake alisema mbele ya wifi huyu huyu, mutoto yangu hapana wa kuficha Butembo na babubu, atasoma na benzake, na alisema kwa sauti kubwa ili majirani wasikie, na majirani walisikia... na mwanzoni ilikuwa sherehe, maana Maître Mathe alifundisha hesabu kwa ardoazi, kila mtoto na kibao chake cheusi na kipande cha chaki, mwalimu anasema hesabu kwa mdomo, anapiga rula juu ya meza, wote wanaandika, anapiga tena, vibao vyote juu, na Kanyere naye juu, jibu sawa, leo sawa, kesho sawa, mpaka Maître Mathe akamwita Kavira asimame dirishani aone, «Unaona, mama? Huyu hapana na masikio, na anapita benye masikio!», na Kavira akaona, akalibeba jambo hilo hadi kanisani, hadi sokoni, hadi kwa mume wake Delphin aliyekuwa Kamango akinunua kahawa, na katika wote waliomshukuru Mungu hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtoto asiyesikia swali amelipata wapi jibu, hakuna, si mwalimu, si mama... Léa, alilipata kwa Léa, jirani yake wa benchi, na Léa alipolala na malaria wiki nzima, Maître Mathe akapiga rula, Kanyere hakuisikia, ila aliona mikono ya wenzake ikiinuka, akainua na yeye, vizuri sana, mikono miwili, imenyooka, na kibao hakina kitu, cheusi kitupu, na chini ya kibao uso unacheka, kwa sababu kwake yeye somo ndilo hilo, kuinua, miaka miwili alikuwa akiinua, «Nilizani anajua, mama,» Maître Mathe alisema, naye alikuwa mtu mwema, alikuwa na watoto sitini na tatu darasani, Kavira hamlaumu, lakini kibao kile kitupu bado anakiona akiosha sahani... na bado si hilo linalomshikilia hapa langoni, aseme ukweli, angalau moyoni, ni Léa, ni ile asubuhi risasi zilipolia upande wa Mulekera na darasa zima likatoka kama maji, madirishani, mlangoni, na Kanyere akabaki kwenye benchi akinakili kutoka ubaoni, kichwa chini, na Léa, Léa mwembamba, akarudi, akamkamata sweta, akamvuta mpaka kwenye migomba ambako Kavira aliwakuta wawili wamekumbatiana, basi hapa nani atarudi, katika shule nzima ya watoto wasiosikia nani atamvuta nani, swali hilo alimwuliza asubuhi hii Madamu Maliro, mwalimu wa hapa, na Madamu hakukasirika, alisema tu, «Mama, huku kila mutoto anachunga mwenzake na macho. Moja akisimama, bote banasimama», maneno mazuri, Kavira aliyaweka pembeni pamoja na maneno mengine mazuri ya siku hizi, ya wanajeshi, ya redio, kila mwezi amani... na sasa uwanjani watoto wamesimama ghafla, wote, mikono imetulia hewani, nyuso zimegeukia barabara, kuna nini, Kavira hasikii kitu, wala Godelive, na ndipo, baadaye kidogo, injini, lori la askari linapanda kilima, linapita, limejaa mbao na vijana wenye bunduki wanaoimba Kilingala, linashuka upande wa pili, na watoto wanarudi kwenye mazungumzo yao kana kwamba nzi amepita, walilisikia kabla yake, kwa miguu, kupitia udongo, yeye mwenye masikio mawili ndiye aliyechelewa, na anainama, analegeza fundo moja la kamba ya godoro... «Umeona?» anasema Godelive, nimeona, nyamaza, maana sasa msichana mmoja mrefu anamnyooshea Kanyere kidole, anajichoma shavu la kushoto kwa ncha ya kidole hicho na kukizungusha kidogo, na mwenzake anafanya vile vile, na wa tatu, wote, kidole shavuni, kinazunguka, «Banafanya nini?» anauliza Kavira, na Godelive anacheka, «Si banamupatia jina! Huku kila mutoto ana jina ya mukono, banakuangalia kwanza», jina, lakini mtoto ana jina, Kanyere, jina ambalo kwetu msichana hupewa kwa nafasi yake ya kuzaliwa, lilikuwa linamngoja kabla hajatoka tumboni, kama langu lilivyoningoja mimi, miaka minane tumemwita hivyo mlangoni, shambani, usiku wa kukimbia, Kanyere, Kanyere, na yeye hajawahi kulisikia hata siku moja, lilikuwa letu sisi, na shavu, mbona shavu, shavu la kushoto lina nini... kishimo, kile kishimo kidogo, lakini kishimo hicho hakionekani uso ukitulia, kinaonekana akicheka tu, kwa hiyo wamemchekesha kwanza, hata saa moja haijapita, wamemchekesha, wamekiona, ndipo wakamwita, na honi inalia tena, «Mama Kanyere, mimi naenda!», na hapo, lo, anageuka, Kanyere anageuka, anamtafuta, macho yanapita lango, yanapita Godelive, yanafika, na Kavira anakumbuka shauri lake na mkono wake unataka kwenda mbele kumshika, lakini mtoto halii, wala haji, anajipiga kifuani, mimi, kisha kidole shavuni, kinazunguka, mimi, anangoja, nyusi juu, kama anayeuliza mtu mgumu kuelewa, na Kavira anaachia mwavuli uanguke, anainua kidole chake mwenyewe kinachonuka kitunguu cha safari, anakiweka shavu la kulia, kama anayejitazama kwenye kioo, anakizungusha, na Kanyere anatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, mama, si hilo, la upande ule, na Kavira anahamisha kidole.