Wageni wa Kupima Udhaifu

Serikali ikisema itakuja Jumanne, mwenye akili hujiandaa kwa Alhamisi. Bibi Eufrazia wa Kasansa, huko Mpimbwe, alilijua hilo tangu ujana wake, ila jirani yake Imakulata bado alikuwa na imani. Jumanne alishinda uani kwa Bibi, kavaa gauni la kanisani, akiwangoja watu wa halmashauri waje kumpima Bibi udhaifu. Hawakuonekana. Alhamisi akajitwika mpunga wake akaenda mashineni kukoboa, na hapo hapo vumbi la gari likatokea.

Bibi alikuwa peke yake. Tangu ateleze jarubani akipanda mpunga na kuvunjika nyonga, miguu yake ilibaki pambo. Alisogea kwa makalio, akisukuma kigoda mbele yake na kukiegemea, na kila msogeo ulimtoa machozi. Watoto wake wote walikuwa wametangulia mbele za haki. Aliyembeba kwenda chooni, aliyemwogesha na kumgeuza kitandani ni Imakulata, asiye ndugu yake kwa damu wala kwa ndoa. Sasa dada yake Imakulata alikuwa amemwita Ikola, ziwani, akaanike dagaa apate riziki. Imakulata alisema wazi, huku machozi yakimlenga: halmashauri wakimkubali awe mhudumu wa Bibi wa kulipwa, anabaki. Wakikataa anaondoka, maana watoto wake hawashibi huruma. Na Bibi alijua, kama kijiji kizima kilivyojua, kwamba Imakulata akiondoka yeye hamalizi masika.

Basi wageni wakashuka. Alitangulia Amosi, afisa ustawi wa jamii, kavaa fulana yenye maandishi mgongoni TUWATUNZE WAZEE WETU, aliyopewa kwenye semina ya wiki nzima hotelini, Mpanda mjini. Akafuata Nasma, binti wa ushungi, kishikwambi mkononi. Mwisho Denis, mwenyekiti wa kijiji, aliyepanda gari ili awaonyeshe nyumba iliyo kando ya barabara.

"Hujambo, Bibi?" Amosi akauliza.

"Sijambo, wanangu. Karibuni."

"Hali yako?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Nasma akabonyeza kishikwambi. Sasa Bibi angejibu nini? Tangu lini mgeni akakuuliza hali hata hajakaa, ukamjibu nyonga inaniua? Watu wa kwetu hata anayekata roho husema hajambo kwanza, ndipo anakufa.

Wakaketi barazani, na Bibi akaingiwa na hofu iliyo kubwa kuliko maumivu: wageni watatoka kwake midomo mikavu. Alikuwa na jogoo wawili. Akamtazama Nasma na ushungi wake, akaipapasa medali ya Bikira Maria shingoni, akajua kwamba akichinja yeye, binti hatakula. Akajiburuta na kigoda mpaka kwenye ua wa miti, akamwita Abdillah mwenye duka aje amchinjie. Akajiburuta kurudi jikoni. Akapuliza moto, akanyonyoa, akakaanga, akapika wali, kisha akalisukuma sinia la chakula chini kwa chini mbele ya kigoda mpaka barazani. Jasho lilikuwa linamtoka kama anamwagiwa maji kichwani, na meno ameyauma asije akalia mbele za watu.

"Aisee, mwone anavyojituma," Amosi alisema, paja la kuku mkononi. "Wazee wa hivi siku hizi ni wachache."

Wakaujadili udhaifu wa wazee wa kata nzima huku wakijilamba vidole. Denis, kwa heshima ya cheo chake, alipewa firigisi.

Majibu yalipokuja, Denis aliyasoma kwa sauti ya mtu anayetamani kuwa kwingine. Bibi Eufrazia anajiweza. Anapika mwenyewe, anatembea kwa msaada wa kifaa, na ana ushirikiano mzuri na majirani wa dini zote. Kifaa ni kile kigoda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Halmashauri ilitosheka na kufika tu, ikamwandika amepona.

Imakulata alimgeukia mwenyekiti. "Na wewe ulikuwepo! Ulimwona anavyotambaa! Ukakaa unatafuna!"

"Sasa mama, ningesema nini mbele ya wakubwa?"

"Ungesema hata na firigisi yako mdomoni!"

Denis akaona aibu, na aibu ya mwenyekiti ni kitu adimu, haipaswi kupotezwa. Akaomba Bibi apimwe upya. Halmashauri ikakubali, ikasema itakuja Jumatatu.

Imakulata akamfunda Bibi kama mwali. Asipike. Asinyanyuke. Akiulizwa hali, aseme kweli.

"Tujaribu. Mimi ndiye Amosi. Bibi, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Bibi!"

"Limetoka lenyewe!"

Walirudia mpaka Imakulata akacheka na Bibi akalia. "Unanifundisha uchoyo uzeeni," Bibi alisema. "Mama yangu angefufuka anizabe kofi."

"Angefufuka angekubeba yeye. Mimi nimechoka, Bibi. Nataka kubaki, nisaidie nibaki."

Wageni walikuja Jumatano. Imakulata aliliona gari kwa mbali, akamfungia jogoo aliyesalia chini ya kitanda ili Bibi asipate kishawishi, akakimbilia dukani kwa Abdillah akajificha, wageni wamkute Bibi peke yake.

Wakaingia ndani, maana safari hii hapakuwa na aliyetoka kuwapokea. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Amosi akasalimia, kisha akauliza hali. Bibi akafumba macho.

"Si nzuri, mwanangu. Siwezi kitu."

Alijisikia kama kavuliwa nguo. Wakamuuliza kuhusu choo, kuhusu kuoga, kuhusu kitanda, akajibu yote, mbele ya wanaume wenye umri wa wajukuu zake. Amosi akawa anachungulia jikoni. Hapakuwa na moshi. Alikuwa ametoka Mpanda alfajiri bila hata chai, akijua anakokwenda kuna Bibi mkarimu. Akachungulia tena.

"Bibi, naomba maji ya kunywa," Nasma alisema kwa upole.

"Yamo mtungini, mwanangu. Sina wa kukupa."

Na hapo hapo, chini ya kitanda, jogoo akawika.

Aliwika vizuri, kwa kirefu, kama aliyelipwa. Nasma akatazama dari. Denis akatazama viatu vyake. Amosi alikitazama kitanda kwa huzuni ya kweli, na Bibi Eufrazia akaomba ardhi ipasuke immeze yeye na mkeka wake. Mgeni ana kiu na jogoo anawika! Hakuna tusi kubwa kuliko hilo Mpimbwe nzima.

Amosi akamvuta Denis mlangoni, akanong'ona, lakini masikio ya Bibi yalikuwa mazima. "Mwenyekiti, huyu mama ameisha. Mtu wa huku kumnyima mgeni maji? Huyo si mtu wa leo wala kesho. Nasma, andika anahitaji mhudumu wa kudumu. Yule jirani yake anafaa."

Yaani kigoda hawakukiona, nyonga hawakuiona. Walichokiona ni njaa yao wenyewe.

Wakaaga. Denis akabaki nyuma kidogo, akapiga mluzi kuelekea dukani, ishara waliyopatana na Imakulata, kisha akawafuata. Imakulata akaingia mbio, akamkumbatia Bibi, akamwinua mikononi taratibu kama mtoto. "Tumepita! Bibi, nabaki! Siendi tena Ikola!"

Bibi hakucheka. Alikuwa anatazama mlangoni. Gari lilikuwa linageuzwa uani, na hapakuwa na mtu wa kuwasindikiza wageni. Wameingia bila kupokewa, wamekaa bila maji, wanaondoka kama wezi.

"Niweke chini," alisema. "Mtoe yule jogoo."

"Wa nini?"

"Wapelekee. Waambie Bibi hakuwanyima, alikuwa anaumwa. Uwasindikize mpaka darajani."

"Bibi! Wakimwona huyu jogoo watafuta kila kitu!"

"Na wafute." Bibi akanyoosha kidole mlangoni. "Wamesema nipewe mtu wa kuwa miguu yangu, ndiye wewe. Kuwasindikiza wageni ndiyo safari ninayotaka kwenda. Nenda, Ima."

Imakulata alimtazama. Alimkumbuka kwenye kigoda, anasukuma wali chini kwa chini, kama Abdillah alivyomsimulia. Akainama, akamtoa jogoo chini ya kitanda, akambana kwapani, akatoka mbio akipiga kelele gari lisimame.

Bibi akatega sikio. Mwendo wa gari ukapungua, injini ikanguruma pale pale. Maneno hakuyasikia. Alisikia jogoo akilalamika, kisha mlango wa gari ukafungwa, na safari hii jogoo akawa analalamikia ndani.

"Wamempokea," akasema peke yake, akaegemea ukuta, akalia kwa raha.