Kelele za Kumwita Mungu

Apolot alikuwa mpiga dramu wa kwaya ya kanisa lao pale Malaba. Baba yake, Mzee Ochom, alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya vyombo. Mwaka wa 1993, dereva mmoja wa lori aliyekwama mpakani wiki nzima akingoja karatasi alimwachia Phanuel, mpiga gita wa kwaya hiyo, kaseti ya thrash, roki ya kasi na kelele. Phanuel akamletea Apolot. Magita yalinguruma kama msumeno wa mbao, mwimbaji akipayuka kwa kasi ya ajabu. Lakini Apolot alipotega sikio vizuri, aliyekuwa akiitwa ni Yesu.

"Hawa wameokoka kweli?"

"Kabisa," Phanuel akasema. "Sikiza tu hizo dramu."

Alisikiliza mpaka ukanda ukalegea. Mwaka haujaisha, wakawa bendi: wao wawili, na Oketch, fundi wa redio, kwenye besi. Wakajiita Ngurumo za Sinai.

Mara ya kwanza kupiga, kwenye mkutano wa vijana Busia, nusu ya watu walitoka nje. Mama mmoja alimziba mtoto masikio kwa leso. Wazee wakakaa kikao, na Mzee Ochom ndiye aliyesoma uamuzi, binti yake akiwa amesimama mbele yake: wasiguse tena vyombo vya kanisa.

"Nimekulea kwa nyimbo za sifa," alimwambia nyumbani. "Hii kelele ulitoa wapi?"

Apolot alijua tu kwamba akizipiga dramu hizo alimwambia Mungu mambo ambayo hakuwahi kuthubutu kuyasema akiwa amepiga magoti.

Waliendelea miaka minne kwa vyombo vya kuazima. Shuleni Sigalame wanafunzi walicheza mpaka wakavunja benchi. Sokoni Marachi walizimwa baada ya nyimbo mbili. Walirekodi kaseti moja Busia kwa mtu wa kupiga video za harusi, na nakala nyingi zilibaki kwenye boksi dukani kwa Oketch.

Mwisho wa 1997 mvua ilikataa kukatika. Mto Nzoia ukabomoa kingo, Budalang'i ikazama. Syprose, shangazi yake Apolot aliyeolewa huko, alipoteza mume na shamba lote. Kanisa likaamua kupeleka kwaya na mablanketi kambini kwa waliokimbia mafuriko. Mzee Ochom akaja mwenyewe mlangoni kwa binti yake.

"Mpiga dramu aliyechukua nafasi yako anaugua malaria. Twende."

"Nitaenda na wenzangu, Baba."

Mzee aligeuka kuelekea barabarani. "Waje," akasema.

Kambini, kwaya iliimba nyimbo za shukrani. Watu walikaa juu ya karatasi za plastiki, wakitazama maji. Kisha Syprose akasimama.

"Hizo za kushukuru tumesikia. Apolot, pigeni ile yenu ya kwenye kaseti."

"Shangazi, ile haifai hapa."

"Ndiyo hiyo nataka."

Apolot alimtazama baba yake. Wimbo wenyewe Phanuel aliutunga mwaka aliomzika mama yake, na ulimuuliza Mungu kama amelala wakati maji yanawafika watu wake shingoni. Mzee Ochom aliinamisha kichwa. Hakukataza.

Wakapiga. Hakuna aliyecheza. Syprose aliweka mikono kichwani akapiga ukemi pamoja na Phanuel, akiliita jina la mumewe, na wanawake wengine wakamfuata, kila mmoja na jina la marehemu wake. Phanuel alikaukiwa na sauti katikati, akaendelea hivyo hivyo. Apolot alipiga huku machozi yakimziba macho, asione hata vijiti vyake. Walipomaliza, ilibaki sauti ya jenereta tu. Mzee Ochom, na suti yake ya Jumapili, alienda akaketi matopeni kando ya dada yake, akamshika mkono.

Uamuzi wa wazee dhidi ya bendi haukufutwa kamwe. Mwaka uliofuata Phanuel alihamishiwa kazi Mombasa, Oketch akaoa, na Ngurumo za Sinai ikaisha bila hata kuagana. Apolot peke yake aliruhusiwa kurudi kwenye dramu za kwaya, kwa nyimbo za polepole, na mara nyingi mikono yake ilimuuma kwa kujizuia. Lakini kila alipoenda Budalang'i kumwona shangazi, wanawake waliokuwa kambini walimwita kwa mbali, "Mama Kelele! Pita huku!" Naye alipita, akaketi, akala samaki pamoja nao.