Mguu Mzima wa Bibi Kiharusi

Pale chuoni wananiita Bibi Kiharusi, na jina hilo nimelitolea jasho. Kazi ninayolipwa ni kulala kitandani na kuumwa. Wanafunzi wa tiba ya viungo wanakuja mmoja mmoja kunikunja na kunikunjua, nami upande wa kushoto naulegeza kama nguo iliyoloa, mdomo naupinda kidogo, na mate nayaachia nikimchukia mtu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini wasomi walioangukia mikononi mwangu ni wengi.

Mmoja nilimpenda. Wenzake walimwita Kobe, kwa kuwa alikuwa mzito wa kumaliza jambo. Katika mtihani wa kunipima mimi alishaanguka mara moja, saa ikimwishia akiwa bado anashikashika goti. Akianguka tena, anafungasha virago na kurudi kwao.

"Bibi, usiniangushe," aliniambia wiki ile.

"Mimi nalala tu, mjukuu wangu. Anayeanguka ni aliyesimama."

Siku ya mtihani chumba kilikuwa na joto, kinanuka spiriti. Pazia lilivutwa mpaka mwisho. Mtahini alikaa upande wa miguuni, kalamu mkononi, uso umefungwa kama duka siku ya msiba. Yeye na mimi tulijua ninachoumwa: kushoto kumelegea, kulia kuko sawa. Kobe aliambiwa tu kwamba kushoto kunanisumbua. Kazi yake ilikuwa kuutafuta ugonjwa kwa mikono yake.

Akanawa. Akanifunika shuka, akaacha miguu wazi.

"Shikamoo bibi. Naomba ruhusa nikuguse miguu."

"Marahaba. Gusa tu. Marehemu mume wangu hakuwa na adabu hiyo."

Mtahini akakohoa kuficha kicheko. Kilikuwa kicheko cha mwisho humo ndani.

Wana kanuni yao. Mtu akisema kushoto kunamsumbua, unaanza na kulia, ili mkono wako uujue uzima kabla haujaenda kuuliza ugonjwa. Wengi huupitia huo upande juu juu, kama wanavyomsalimia mlinzi wa getini. Kobe hana juu juu.

"Vuta kidole gumba cha mguu na wayo kuja kwako, bibi. Nitasukuma chini. Usikubali."

Nikavuta. Akasukuma. Mguu ukashuka.

"Tena. Usikubali."

"Sijakubali," nikasema.

Mguu ukashuka.

Akanitazama usoni. Nilijua anachowaza: bibi amezeeka, amesahau upande wa kuumwa. Hata mimi nilijiuliza hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimeuvuta ule mguu kwa nguvu zangu zote, mpaka taya zimeniuma.

"Huwa unajikwaa, bibi?"

"Ndala ya kulia inanitoroka kwenye ngazi. Nimeiambia, kama imepata mwingine iseme."

Akaupapasa mguu kuanzia gotini kushuka. Halafu akahamia kushoto, nami nikalegea kama nilivyolipwa nilegee. Akarudi kulia. Saa ya ukutani ilikuwa inamla.

"Umebakiza muda mchache," mtahini akasema. "Toa majibu."

Nikamkonyeza. Sema kulia kuko sawa, mjukuu, tumalize twende zetu. Nilimwombea apate majibu ya mtahini, aendelee na masomo yake. Tena nilijiombea mimi. Maana kama mikono ya mtoto yule ilikuwa inasema kweli, mimi nilikuwa na neno mwilini ambalo sikulipwa kuliigiza.

"Kushoto kumelegea," Kobe akasema. "Na kulia hakuko sawa."

"Kulia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Unakumbuka hii ni mara yako ya pili?"

"Nakumbuka."

"Basi thibitisha."

Akanikunja goti kidogo, mkono mmoja chini yake. Kwa mkono wa pili akashika wayo, akausukuma juu ghafla na kuushikilia hapo.

Mguu ukaanza kudunda. Juu, chini, juu, chini, kama kuku aliyekatwa kichwa asiyejua bado. Kitanda kikawa kinalia pamoja nao. Nikauambia moyoni utulie, nami ndiye mwenye mguu. Haukunisikia.

"Bibi, acha kuigiza," mtahini akasema.

"Nimeshaacha."

Akasubiri. Nimezoea kumaliza maigizo kwa tabasamu, na safari hii nilijaribu, tabasamu likakataa. Mguu ukaendelea kudunda. Akainuka, akamsogeza Kobe kwa bega, akaushika mwenyewe na kuurudia mtindo ule ule. Mguu ukadunda mikononi mwake kama ulivyodunda mikononi mwa mwanafunzi. Akajaribu kushoto, upande wangu wa maigizo. Ulitulia tuli, mtiifu.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hawaruhusiwi.

"Hili haliigizwi," akasema, na hakuwa anasema na mimi. "Ni la ubongo au uti wa mgongo. Umefaulu."

Kobe hakushukuru. "Na bibi?"

"Kimbia kamwite daktari. Kimbia kweli, leo si siku ya kobe. Na mtu alete kiti cha magurudumu. Bibi asikanyage chini."

Pazia likafunguka, likajifunga. Nikabaki na mtahini, mkono wake juu ya wayo wangu, anautazama kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Na mimi, mwalimu," nikamwuliza, "nimepata ngapi?"

Akaivuta shuka, akanifunika miguu.